Mawe ya Kilwa Yanasomeka kwa Kiswahili

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Katika makala haya nataka tujifunze pamoja namna ya kusoma magofu. Ndiyo, kusoma, kama vile mtu asomavyo kitabu. Likizo ya Agosti, wanachama kumi wa Chama chetu cha Kiswahili pamoja na walimu wawili tulivuka mpaka tukaingia Tanzania kwa siku nane. Nne kati ya hizo tulizitumia Kilwa, mji wa kale wa Waswahili ulio kusini mwa Dar es Salaam. Mwalimu mlezi wa chama ameniomba niandike yale tuliyojifunza ili na wale waliobaki nyumbani wapate faida. Wahenga walisema tembea uone. Mimi nimejifunza kwamba mtembezi asiye na maneno huona mawe tu, lakini mwenye maneno huona milango, vyumba na watu.

SWALI TULILOONDOKA NALO

Sisi kwetu ni Kawangware. Mama ni fundi wa cherehani na baba hufanya kazi za mjengo. Nilipoleta barua ya safari nyumbani, baba aliisoma mara mbili kisha akaniuliza, "Sasa hiyo mawe ya Waarabu itakusaidia nini, na wewe ni Mkikuyu wa Kawangware?" Swali lenyewe halikuwa la mzaha. Pesa za safari zilikuwa zitoke mahali ambapo pangetoka viatu vya ndugu yangu mdogo. Hata darasani wenzangu walisema, "Hiyo ni stori ya watu wa Pwani, si yetu."

Nimelifikiria sana swali hilo. Ikiwa Kilwa ni ya Waarabu peke yao, na ikiwa Kiswahili ni cha watu wa Pwani peke yao, basi sisi wa Nairobi tunaokisoma kila siku tumevaa nguo ya kuazima. Na nguo ya kuazima, wahenga wametuonya, haisitiri. Kwa hivyo nilisafiri nikiwa na swali moja: miji hii ilijengwa na nani, na sisi tunahusiana nayo vipi? Mama alikubali. Aliniazima tepu yake ya kupimia nguo akasema, "Pima kila kitu uje unieleze." Utaona baadaye jinsi tepu hiyo ilivyonifaa.

MAANDALIZI HAPA NAIROBI

Usidhani tulikurupuka tu tukapanda basi. Tulijiandaa kwa Jumamosi tatu, na yeyote asiyeweza kusafiri anaweza kufanya maandalizi haya kwa nauli ya matatu peke yake.

Jumamosi ya kwanza nilipanda namba 46 hadi mjini. Tulikutana nje ya Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, barabara ya Moi, mahali ambapo nusu ya Nairobi hupeana miadi lakini wachache huingia ndani. Jengo hilo zamani lilikuwa benki. Ghorofa ya chini kuna vitu vya sanaa vilivyokusanywa na Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais mwaka 1966. Kila mmoja wetu alichagua kitu kimoja akakieleza kwa sentensi tano: ni nini, kimetengenezwa kwa nini, kinatoka wapi, kilitumiwaje, na kinatuambia nini kuhusu mwenye kukitengeneza. Zoezi hili linaonekana rahisi hadi ulifanye. Wengi wetu tulikwama kwenye sentensi ya pili kwa sababu hatukujua majina ya vifaa.

Kutoka hapo tulitembea hadi mtaa wa Banda tukasimama mbele ya Msikiti wa Jamia. Mimi nimeupita mara nyingi, lakini siku hiyo nilijifunza kuutaja. Zile paa tatu za mviringo zinaitwa kuba. Ile miwili mirefu ni minara. Mwenzetu mmoja Mwislamu alitueleza kuwa ndani, kwenye ukuta wa mbele, kuna mihrabu, kidaka ambacho imamu husimama akiongoza sala, nacho huelekea kibla, yaani upande wa Makka.

Jumamosi ya pili tulikwenda Makumbusho ya Taifa, kule mlimani kando ya barabara ya Waiyaki, yaliyofunguliwa hapo mwaka 1930. Tulirudia lile zoezi la sentensi tano, na safari hii tulikuwa wepesi zaidi.

Jumamosi ya tatu ilinishangaza kuliko zote. Mwalimu alituonyesha ramani ya magofu ya Kilwa iliyotokana na kazi ya mwanaakiolojia Neville Chittick, ambaye alichimba Kilwa katika miaka ya 1960. Chittick alikuwa mkurugenzi wa Taasisi ya Uingereza ya Afrika Mashariki, na kitabu chake kuhusu Kilwa, chenye mabuku mawili makubwa, kilichapishwa papa hapa Nairobi mwaka 1974. Taasisi yenyewe iko Kileleshwa. Msomaji, mimi huenda Kileleshwa kwa miguu! Habari za mji wa kale ulio ng'ambo ya mpaka zilikuwa zimekaa jirani na kwetu miaka yote hiyo. Tulinakili ramani ile kwa penseli, kila mtu yake.

SAFARI YENYEWE

Siku ya kuondoka nilirauka saa tisa za usiku. Basi liling'oa nanga mjini alfajiri, tukapita Kajiado, na tulipofika Namanga tukaonyesha hati zetu na kadi za chanjo ya homa ya manjano. Tulipita Arusha, kisha tukauona mlima Kilimanjaro upande wetu wa kushoto, tukafika Dar es Salaam usiku tukiwa hoi. Kesho yake tulielekea kusini. Tulivuka mto Rufiji juu ya daraja la Mkapa lililofunguliwa mwaka 2003, tukakata kona Nangurukuru, tukafika Kilwa Masoko jioni.

Somo la kwanza tulilipata kabla ya kuona gofu hata moja. Nairobi tumezoea kusema "sasa" na "niaje" kwa kila mtu. Tanzania kijana humwamkia mkubwa wake "shikamoo" na kungoja "marahaba" kabla ya kusema lolote. Siku ya kwanza ulimi ulikuwa mzito, lakini kufikia siku ya tatu hata yule mwenzetu mtundu kuliko wote alikuwa akisema shikamoo kwa kila mwenye mvi. Chakula nacho kilikuwa na majina yake. Githeri yetu wao huiita makande. Tulicheka sana, kwani tulikuwa tumeagiza kitu kigeni kumbe tumeletewa cha nyumbani.

Asubuhi, baada ya kupata kibali cha kuzuru magofu, tulipanda mashua bandarini. Kilwa Kisiwani haiko mbali. Unaiona ukiwa ng'ambo. Kiongozi wetu, mzee mmoja mwenyeji wa kisiwa, alitungojea ufuoni. "Shikamoo mzee," tukasema kwa pamoja. "Marahaba wanangu, poleni na safari," akajibu. "Mmekuja kutazama au mmekuja kusoma?" Mwalimu akamwambia tumekuja kusoma. "Basi twendeni polepole," akasema.

SOMO LA KWANZA: NYUMBA INATOKA BAHARINI

Kuta za Kilwa zimejengwa kwa matumbawe. Mzee alitufundisha kutofautisha aina mbili. Kuna jiwe gumu la matumbawe ya kale linalochimbwa ardhini. Hilo ndilo la kuta nene. Kuna pia tumbawe laini linalokatwa baharini likiwa bado bichi. Hilo huchongwa mapema kwa kuwa likikauka huwa gumu. Ndilo lililotumiwa katika mihrabu, miimo ya milango na vidaka vya ukutani.

Mawe haya yalishikanishwa kwa chokaa. Chokaa nayo hupatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya lundo la kuni mpaka yageuke unga, kisha yatiwe maji na kuachwa yatulie. Kwa hivyo jiwe ni la bahari na kinachounganisha mawe ni cha bahari pia. Dari ilishikiliwa na boriti, yaani miti ya mikoko, na delta ya Rufiji iliyo kaskazini mwa Kilwa ina mikoko mingi mno.

Hapa ndipo nilipoitoa tepu ya mama. Tulipewa ruhusa ya kupima mradi tusiparamie kuta. Vyumba vilikuwa virefu, lakini kila tulichopima kilikuwa na upana wa kati ya mita mbili na nusu na mita tatu, ambazo ni kama futi nane hadi kumi. Tulipima jumba la Makutani, tukapima Husuni Kubwa, mambo yakawa ni yale yale. Kwa nini sultani tajiri ajenge chumba chembamba hivyo? Mzee alinyoosha mikono akaonyesha urefu. "Boriti ndiyo inayoamua," akasema. Mti wa mkoko hauwezi kubeba dari nzito ya mawe ukiwa mrefu kupita kiasi. Chumba kinaweza kurefushwa upendavyo, lakini upana wake umekatwa na mti.

Nilinyamaza kimya. Kwetu Kawangware chumba cha kupanga ni futi kumi kwa kumi. Sisi tunaishi humo kwa sababu ya kodi, naye sultani aliishi hivyo kwa sababu ya boriti. Ukimwona mtu analala katika chumba chembamba usiharakishe kumhukumu, uliza kwanza ni nini kilichopima chumba chake.

SOMO LA PILI: MSIKITI UNAKUONYESHA KASKAZINI

Msikiti Mkuu wa Kilwa una sehemu mbili. Ya kaskazini ndiyo ya zamani zaidi, nayo ni ndogo. Ya kusini ni kubwa, iliongezwa katika karne ya 14 wakati wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, na ilitengenezwa tena katika karne ya 15 baada ya kuanguka. Ukiingia sehemu hii kubwa unaona matao na kuba juu ya kichwa chako. Nilikumbuka boriti. Kuba haihitaji boriti, kwa kuwa mawe yenyewe hubebana. Mafundi hao walikuwa wamepata njia ya kutotegemea mkoko.

Sasa jaribu hili ukiwa ndani ya gofu la msikiti wowote wa Pwani yetu, iwe Kilwa au Gedi. Tafuta mihrabu. Makka iko karibu kaskazini kabisa ya Kilwa, kwa hiyo ukiutazama mihrabu unatazama kaskazini. Tuliweka ramani zetu za penseli chini, tukazigeuza zielekee mihrabu, na mara moja mji mzima ukakaa sawa: mashariki kule Husuni Kubwa ilipo, magharibi kule Makutani. Hatukuhitaji dira. Hapa Nairobi pia Makka iko kaskazini, ikiegemea mashariki kidogo. Ukipotea mjini, uliza kibla.

SOMO LA TATU: MANENO YALIYOSAFIRI

Wapenzi wa sarufi, sehemu hii ni yenu.

Birika. Nairobi ukisema birika, mtu anafikiria chai. Husuni Kubwa, jumba alilojenga Sultani al-Hasan juu ya mwamba unaotazama bahari mwanzoni mwa karne ya 14, lina vyumba zaidi ya mia moja, na katikati yake kuna birika la kuogea lenye pande nane. Mwenzangu aliposikia mzee akisema "hili hapa birika la sultani", alitazama huku na huku akitafuta chombo cha chai. Kumbe birika pia ni hodhi la maji lililojengwa. Neno ni lile lile, ila sisi tumebaki na maana moja tu.

Gereza. Kwetu gereza ni jela. Kilwa, Gereza ni ngome iliyo ufuoni. Wareno waliushambulia mji mwaka 1505 wakajenga ngome hapo, na ngome tunayoiona leo ni ya Waomani waliojenga upya mahali pale pale baadaye. Wataalamu wanasema neno gereza limetokana na neno la Kireno la kanisa. Tazama safari yake: kutoka kanisa, hadi ngome, hadi jela. Neno moja limebeba historia ya miaka mia tano.

Makutani. Hapa ukuta umewekwa katika ukubwa, ukawa makuta, kisha ukapewa kiambishi -ni cha mahali. Makutani ni kwenye kuta kubwa kubwa. Mwanafunzi yeyote anayejua ukubwa na udogo angeweza kulitafsiri jina hilo bila kufika huko.

Husuni Kubwa na Husuni Ndogo. Husuni ni neno la asili ya Kiarabu lenye maana ya ngome. Lakini tazama kivumishi: kubwa, ndogo. Neno limetoka ng'ambo, likafika Kilwa, likaingizwa katika ngeli ya I-ZI kama nyumba na meza. Mgeni alikaribishwa, lakini alifuata kanuni za mwenye nyumba. Jambo hili nilikuja kuliona tena nilipotafuta jibu la swali la baba.

SOMO LA NNE: SARAFU ZENYE VINA

Kilwa ilitajirika kwa biashara. Dhahabu ya bara ilipitia Sofala, iliyo katika Msumbiji ya leo, nayo Kilwa ndiyo iliyokuwa na mamlaka juu ya bandari hiyo. Masultani wake walitengeneza sarafu zao wenyewe za shaba. Upande mmoja kuna jina la sultani, upande wa pili kuna maneno ya kumtegemea Mungu, na pande hizo mbili zina vina! Maneno ni ya Kiarabu, lakini ukisoma upande mmoja kisha ukageuza, sauti ya mwisho inalingana. Sisi hulalamika mwalimu akitutaka tutunge shairi la beti nne lenye vina. Watu wa Kilwa walibeba vina mifukoni wakienda sokoni kununua samaki.

Na sarafu hizo zilitembea. Moja yenye jina la al-Hasan bin Sulaiman ilipatikana Zimbabwe Kuu, mbali ndani ya bara. Nyingine tano ziliokotwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, na mpaka leo wataalamu wanajadiliana zilifikaje huko.

JE, MIJI HII NI YA NANI?

Sasa narudi kwenye swali la baba. Nimekusanya ushahidi wa aina nne, na nakuomba uupime mwenyewe.

Ushahidi wa kwanza ni wa msafiri. Ibn Battuta, msafiri wa Moroko, alifika Kilwa mwaka 1331 akakaribishwa na Sultani al-Hasan huyo huyo. Aliusifu mji kuwa miongoni mwa miji mizuri. Kuhusu wakazi, aliandika kuwa wengi wao walikuwa watu weusi sana wenye chale usoni. Huyu alikuwa mgeni asiyekuwa na sababu ya kutupendelea.

Ushahidi wa pili ni wa ardhi. Waliochimba Kilwa walikuta kwamba watu walianza kuishi pale tangu karne ya 9 hivi. Katika tabaka za chini hakuna jumba la mawe. Kuna mabaki ya nyumba za miti na udongo, na vigae vya vyungu vilivyofinyangwa papo hapo. Majumba ya mawe yalikuja baadaye, juu ya kijiji kilichokuwapo. Mji haukushuka kutoka merikebuni ukiwa umekamilika.

Ushahidi wa tatu ni wa lugha. Kiswahili ni ndugu wa Kimijikenda, Kipokomo na Kikomoro. Tena si ndugu wa hao tu. Mimi nilikaa na daftari usiku mmoja Kilwa Masoko nikaandika maneno ya shosho yangu wa Dagoretti kando ya maneno ya mzee wetu. Mzee husema nyumba, shosho husema nyũmba. Mzee husema mlango, shosho mũrango. Mzee mtu, shosho mũndũ. Mzee mti, shosho mũtĩ. Mbona shosho, ambaye hajawahi kuiona bahari, ataje mlango karibu sawa na mtu wa Kilwa? Ni kwa sababu lugha hizi zote ni za Kibantu; zilizaliwa ukoo mmoja. Maneno ya dini na biashara yalipokewa kutoka kwa Waarabu na Waajemi, lakini nyumba na mlango ni vya kwetu.

Ushahidi wa nne ni wa mifupa. Masimulizi ya Kilwa yanasema kwamba mwana wa mfalme kutoka Shirazi, Ali bin Hasan, alikinunua kisiwa kwa nguo nyingi kiasi cha kukizunguka. Kwa muda mrefu wengine waliamini hadithi hiyo yote na wengine waliikana yote. Mwaka 2023 jarida la kisayansi la Nature lilichapisha uchunguzi wa DNA ya watu 80 wa kale, wengi wao waliozikwa katika miji ya Pwani ya Kenya na Tanzania kati ya miaka ya 1250 na 1800. Mmoja wa watafiti hao ni Mkenya, mwanaakiolojia Chapurukha Kusimba. Waligundua kwamba kwa wengi wa watu wa miji hiyo, zaidi ya nusu ya asili yao ilikuwa ya Kiafrika, hasa kupitia kwa mama. Sehemu nyingine ilitoka Asia, sana sana Uajemi, hasa kupitia kwa baba. Kuchanganyika huko kulianza kama mwaka 1000.

Basi hadithi ya Shirazi ilikuwa na ukweli ndani yake. Baba wageni walikuja kweli. Lakini mama walikuwa wenyeji, na watoto walizungumza lugha ya mama. Ndivyo ilivyokuwa kwa lile neno husuni: mgeni aliingia, akakaribishwa, akafuata ngeli ya mwenye nyumba. Kilwa si ya Waarabu peke yao, wala si uongo kwamba wageni walikuja. Ni mji wa Waafrika waliojua kukaribisha.

Nilimweleza baba haya yote jioni moja nikiwa na daftari langu. Alisikiliza hadi mwisho. Kuhusu Shirazi hakusema kitu, ila kwa vile ni mtu wa mjengo aliniuliza mara tatu kuhusu chokaa, inachomwa kwa muda gani na inawekwa maji kiasi gani. Halafu akamwambia mama, "Hawa watu walikuwa mafundi." Kwangu mimi hilo lilikuwa jibu la kutosha.

TUSIPOZIBA UFA

Kilwa Kisiwani na jirani yake Songo Mnara viliorodheshwa na UNESCO kuwa Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 vilitiwa katika orodha ya urithi ulio hatarini kwa sababu ya kuharibika, na mwaka 2014 vikaondolewa humo baada ya kazi kubwa ya uhifadhi. Lakini bahari haijalala. Mzee alituonyesha upande wa Gereza uliobomolewa na mawimbi. Alitufundisha pia kuwa ukuta wa matumbawe hutengenezwa kwa chokaa, kwa kuwa saruji ni ngumu mno kwa mawe hayo ya kale. Tuliona watu wa kisiwani wakipita kati ya magofu wakienda zao shambani na kisimani, na watoto wakicheza. Urithi huo haujafungiwa kwenye kabati la kioo.

Nairobi yetu ni mji mchanga. Ilianza na reli mwaka 1899, wakati Kilwa ilikuwa imekaliwa kwa miaka elfu moja na zaidi. Hata hivyo nasi tuna majengo yetu ya zamani, na tuna wazee. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mzee akiondoka na maneno yake hakuna chokaa ya kuyarudisha.

ZOEZI KWA MSOMAJI

Makala ya kusoma bila zoezi ni kama chai bila sukari. Kwa hivyo jaribu haya, na ulete majibu yako katika mkutano wa chama:

1. Pima upana wa chumba unacholala na wa darasa lako. Ni nini kilichoamua vipimo hivyo: miti, mabati, kodi au sheria?

2. Simama mbele ya jengo lolote la zamani katikati ya Nairobi, ulieleze kwa sentensi tano bila kutumia neno hata moja la Kiingereza. Orodhesha maneno uliyoyakosa, kisha uyatafute katika kamusi.

3. Andika maneno kumi ya nyumbani katika lugha ya shosho au guka yako, uyalinganishe na ya Kiswahili. Kama lugha yenu si ya Kibantu, tafuta maneno ambayo lugha hizo mbili zimeazimana.

4. Eleza safari ya neno "gereza" kwa aya moja.

5. Tunga ubeti mmoja unaoweza kuandikwa kwenye sarafu: mshororo mmoja upande wa mbele, mwingine upande wa nyuma, vina vilingane.

Na ukipata nafasi ya kwenda Kilwa, au Gedi, au Lamu, nenda. Beba daftari, penseli na tepu. Ukifika, anza na shikamoo. Mengine wenyeji watakufundisha.

Kiswahili kitukuzwe!